Akili mnemba jeshini: namna ya kuunda mfumo unaoaminika, hatua kwa hatua

Orodha za kanuni za maadili zipo tele. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipitisha zake tano Februari 2020: mfumo uwe na wa kuuwajibikia, usipendelee, ufuatilike, utegemeke na udhibitike. Muungano wa kijeshi wa NATO ukaja na sita Oktoba 2021. Ukizisoma zote utatikisa kichwa kukubali, maana hakuna anayesimama hadharani kutetea mfumo usioaminika. Ugumu unaanza mhandisi anapouliza, "Sawa, sasa mimi nijenge nini?" na ofisa wa ununuzi anapotaka kujua akague kitu gani kabla hajasaini. Mwongozo huu ni wa hao wawili, pamoja na kamanda atakayekabidhiwa mfumo wenyewe.

Msimamo wangu niuseme mapema: maadili ya mfumo wa kijeshi yanakaa kwenye mambo yanayoonekana kama kazi za ofisini tu. Yamo kwenye hati ya mahitaji, kwenye jedwali la data, kwenye sekunde anazopewa askari mbele ya skrini. Yasipokuwemo humo, tamko la kurasa mia halitamwokoa mtu.

Hatua ya 1: Andika mfumo utafanya nini, na utakomea wapi

Akili mnemba ya kijeshi si roboti yenye bunduki tu. Kuna kazi nyingi za nyuma ya pazia: kutabiri kipuri gani cha helikopta kinakaribia kuchakaa, kupanga misafara ya mizigo, kutafsiri nyaraka, kuchambua picha za droni na setilaiti. Kwa hiyo anza na maelezo mafupi sana. Mfumo unapokea nini? Unatoa nini? Nani anautumia? Ukikosea, nani anaumia?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua uzito wa ukaguzi. Programu ya kupanga mizigo ikikosea, kikosi kinachelewa kupata mafuta. Programu ya kutambua shabaha ikikosea, familia inakufa. Ukizipitisha zote mbili kwenye fomu zilezile, wakaguzi watachoka na mwishowe watapitisha kila kinacholetwa.

Kisha weka mipaka ya matumizi: eneo la namna gani, hali ipi ya hewa, mchana au usiku, vitu vya aina gani. Na uwe macho na mfumo unaohamishwa kazi kimyakimya. Programu iliyojengwa kuhesabu magari ili msafara usikwame barabarani inaweza, bila kubadilishwa hata mstari mmoja, kutumika kuchagua gari la kupigwa. Andika kwenye hati ya kwanza kabisa kwamba kazi ikibadilika, mfumo unarudi hatua ya 1.

Hatua ya 2: Mwite mwanasheria kabla ya mtengeneza programu

Kifungu cha 36 cha Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, kinaitaka nchi mwanachama ichunguze kama silaha mpya, zana au mbinu mpya ya vita inakatazwa na sheria ya kimataifa, katika hali zote au baadhi. Wajibu huo unaanza wakati wa utafiti na uundaji, na unamhusu hata anayenunua tu. Kusema "tumeuziwa hivyo" si utetezi.

Watu wengi hudhani sheria ya vita ni maneno ya jumla ambayo mhandisi hawezi kuyafanyia kazi. Si kweli. Chukua vifungu viwili vya Itifaki hiyohiyo. Kifungu cha 50 kinasema kukiwa na shaka kama mtu ni raia, ahesabiwe kuwa raia. Kwa mhandisi, maana yake ni kwamba mfumo lazima uwe na jibu la "sijui", na "sijui" isihesabiwe kamwe kuwa adui. Modeli, yaani programu iliyojifunza kutokana na mifano, ikifunzwa kuchagua kati ya majibu mawili tu, raia au mpiganaji, imeshakwenda kinyume na kifungu hicho kabla haijatoka maabara. Kifungu cha 57 nacho kinataka shambulio lifutwe au lisitishwe ikidhihirika kwamba shabaha si ya kijeshi. Kwa hiyo lazima kuwe na njia ya kusitisha, ifanye kazi hadi dakika ya mwisho inayowezekana, na anayeweza kuitumia awe na taarifa mpya mbele yake.

Yapo pia mambo ambayo hayafai kukabidhiwa mashine hata ikifanyiwa ufundi gani. Kupima kama madhara kwa raia yatazidi faida ya kijeshi inayotarajiwa ni uamuzi wa kamanda mwenye jina na cheo. Mashine inaweza kumletea makadirio ya idadi ya watu waliomo kwenye jengo, basi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021: ilipendekeza zipigwe marufuku silaha zinazojiendesha ambazo matokeo yake hayatabiriki, na zile zinazolenga binadamu. Mkataba wa dunia nzima wa kulazimisha hilo bado haupo, ingawa Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 78/241 kuhusu silaha hizo kwa kura 152 dhidi ya 4. Sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeyaweka kando matumizi ya kijeshi. Usisubiri mdhibiti wa kiraia aje kukukagua.

Hatua ya 3: Kila kanuni igeuke sharti linalopimika

Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa kutungulia makombora na ndege ulishindwa kulizuia kombora la Scud la Iraq, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Saa ya ndani ya kompyuta ilikuwa ikipoteza kiasi kidogo mno cha wakati kila sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu namba ilikatwa ili ienee kwenye nafasi ya biti 24. Mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Kosa lilikuwa limefika theluthi moja ya sekunde, na kwa kasi ya kombora hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kinachouma ni kwamba tatizo lilikuwa limeshajulikana. Siku chache kabla, watumiaji walitumiwa ujumbe ukionya kwamba kuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta hitilafu. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Ndiyo maana "mfumo utegemeke" haitoshi kuandikwa. Andika: mfumo ufanye kazi kwa saa kadhaa mfululizo, zitajwe ni ngapi, bila kupotoka zaidi ya kiwango fulani, na ukikaribia kiwango hicho uonye wenyewe. "Ufuatilike" iwe: kwa kila pendekezo, mchunguzi aweze kujua ndani ya siku moja ni toleo gani la modeli lililotumika, picha gani iliingia, skrini ilionyesha nini na nani alibonyeza nini. Sharti ambalo haliwezi kufeliwa si sharti, lifute.

Hatua ya 4: Data ijulikane ilikotoka

Kwa kila mkusanyiko wa data andika nani aliukusanya, wapi, lini, kwa kamera au rada ya aina gani, na nani aliweka lebo, yaani jina la kile kinachoonekana kwenye picha. Hili la lebo lifuatilie kwa karibu. Waweka lebo watatu wakitazama picha moja ya mtu aliyebeba kitu kirefu begani, mmoja akasema bunduki, wa pili jembe, wa tatu akasema haonekani vizuri, mara nyingi mradi unachukua jibu la wengi au la mkubwa wao, na ule mvutano unatupwa. Usiutupe. Picha ambazo binadamu wenyewe wamegongana ndizo zitakazoua watu baadaye, na modeli inapaswa kufundishwa kusitasita papo hapo.

Hakikisha raia wamo kwa wingi ndani ya data, si kama mandhari ya nyuma. Magari ya wagonjwa, mabasi ya shule, malori ya misaada, alama za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu zikiwa zimechakaa au zimefunikwa na vumbi, watu waliojisalimisha, majeruhi waliolala chini. Modeli ambayo haijawahi kumwona mtu akijisalimisha haitamtambua.

Data pia inaweza kutiwa sumu makusudi. Anayejua mmekusanya picha kwenye vyanzo vya wazi anaweza kupenyeza za kwake. Weka nakala asili zilizofungwa, saini za kidijitali, na orodha fupi ya watu wanaoruhusiwa kuzigusa.

Hatua ya 5: Fanya hesabu ya tahadhari za uongo

Muuzaji atakwambia mfumo wake ni sahihi kwa asilimia 99. Kabla hujafurahi, chukua kalamu.

Tuseme barabara inapitiwa na magari 10,000, na kati ya hayo 10 tu ni ya kijeshi. Mfumo unayanasa magari ya kijeshi kwa asilimia 99, na unamsingizia raia kwa asilimia 1 tu. Yale 10 utayanasa karibu yote. Lakini asilimia 1 ya magari 9,990 ya raia ni karibu 100. Jumla tahadhari 110 hivi, na 100 kati yake ni watu wanaokwenda zao kazini. Kila tahadhari 11, kumi ni za uongo. Mfumo haujadanganya kuhusu ile asilimia 99. Ni kwamba kinachotafutwa ni adimu, na kitu adimu huyaharibu mahesabu ya namna hii siku zote. Hata ukipunguza usingiziaji mara kumi, bado nusu ya tahadhari zitakuwa za raia.

Hivyo usikubali takwimu moja ya usahihi. Dai upewe makosa ya aina zote mbili, yaani kukosa kilichopo na kuona kisichopo, yakigawanywa kwa mchana na usiku, mjini na porini, kamera safi na kamera yenye vumbi. Wastani hufunika mengi. Modeli inaweza kuwa hodari jangwani na kipofu kabisa mtaa wenye msongamano, na wastani ukapendeza.

Kuna pia ile namba inayokaa pembeni ya picha kwenye skrini, tuseme "91%". Muulize mhandisi: mfumo ukisema 91 mara elfu, ni mara ngapi kweli huwa sahihi? Ikiwa ni 700, namba hiyo ni pambo hatari. Ama irekebishwe ilingane na ukweli, ama iondolewe kwenye skrini.

Hatua ya 6: Mpe binadamu nafasi ya kukataa

Hapa ndipo miradi mingi hupiga chenga. Hati inasema "uamuzi wa mwisho ni wa binadamu" na kila mtu analala usingizi. Agizo la Wizara ya Ulinzi ya Marekani namba 3000.09, la mwaka 2012 na kufanyiwa marekebisho Januari 2023, linataka makamanda na waendeshaji waweze kutumia kiwango kinachofaa cha uamuzi wa kibinadamu juu ya matumizi ya nguvu. Maneno yanafaa, lakini uamuzi unahitaji muda, taarifa na mamlaka. Kikikosekana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, mtu amegeuzwa muhuri.

Chukua muda. Askari anayeletewa mapendekezo 80 kwa saa ana sekunde 45 kwa kila moja, kabla hujatoa za kunywa maji, kujibu redio na kupangusa macho. Ndani ya hizo atazame picha, alinganishe na ramani, akumbuke kama jengo lile lina zahanati. Hawezi. Atabonyeza "kubali". Kwa hiyo idadi ya mapendekezo kwa saa iwe sharti la kimaandishi, na mfumo wenyewe upunguze kasi unapoifikia.

Historia inatoa mifano inayovuta pande zote. Mwaka 2003, wakati wa vita vya Iraq, mitambo ya Patriot iliitungua ndege ya Uingereza aina ya Tornado, wakafa wawili, kisha ndege ya Marekani aina ya F/A-18, akafa rubani wake. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mtambo ulikuwa ukiendeshwa kwa kiasi kikubwa kiotomatiki, na waendeshaji walikuwa wamefunzwa kuiamini programu. Upande wa pili kuna meli ya kivita USS Vincennes, iliyoitungua ndege ya abiria ya Iran tarehe 3 Julai 1988 na kuua watu wote 290. Pale kompyuta ilikuwa na data sahihi: ndege ilikuwa inapanda. Watu ndani ya chumba chenye taharuki waliamini inashuka kuwashambulia. Anayedhani dawa ni kumweka mtu tu, au kumwondoa tu, hajazitazama kesi hizi mbili kwa pamoja.

Aliyefaulu ni Stanislav Petrov, ofisa wa Kisovieti aliyekuwa zamu tarehe 26 Septemba 1983, pale setilaiti zilipotangaza kwamba Marekani imerusha makombora matano. Alihukumu kuwa ni tahadhari ya uongo, na ilikuwa hivyo. Mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ndio uliouhadaa mfumo. Alikuwa na nini? Alijua udhaifu wa mtambo wake. Aliona kwamba shambulio la kweli lisingeanza kwa makombora matano. Na rada za ardhini, ambazo hazikutegemea setilaiti, hazikuona kitu.

Igeuze habari hiyo kuwa ujenzi. Mwendeshaji afundishwe mfumo unakosea wapi, si unafanya nini tu. Skrini imwonyeshe kile ambacho mfumo haukukiona au hauna uhakika nacho. Awe na chanzo cha pili kisichotokana na modeli ileile. Na kukataa pendekezo kusimgharimu: kama kukubali ni kubonyeza mara moja na kukataa ni kujaza fomu ya kurasa tatu, umeshamwamulia.

Halafu upime. Kwenye mazoezi, penyeza mapendekezo ya uongo bila kuwaambia waendeshaji, uone wanayashika mangapi. Wakiyapitisha karibu yote, mfumo umefeli, hata kama modeli yenyewe imepata alama nzuri maabara. Kinachopimwa ni mtu na mashine kwa pamoja.

Hatua ya 7: Ushambulie mfumo wako

Mwaka 2017 watafiti wa MIT walichapisha kobe bandia kwa printa ya pande tatu, wakamchora madoa maalumu gambani, na modeli mashuhuri ya kutambua picha ikamwona kuwa ni bunduki, karibu kwa kila upande aliogeuzwa. Adui mwenye nia atafanya hivyo kwa rangi, nyavu, mabati na maturubai, ama kuficha cha kwake, ama, na hili ni baya zaidi, kukifanya cha raia kionekane cha kijeshi.

Undeni timu isiyo na undugu na waliojenga mfumo, ipewe muda na ruhusa ya kuuvuruga: izibe mawimbi ya setilaiti, ikate mawasiliano katikati ya kazi, ichafue lenzi, ipenyeze data mbovu. Kabla ya hapo amueni mfumo unafanya nini unapopoteza mawasiliano. Jibu salama kwa chochote kinachohusu nguvu ni kusimama au kurudi, si kuendelea na maagizo ya mwisho. Na matokeo ya timu hiyo yasihaririwe na mkuu wa mradi. Funika kombe mwanaharamu apite ni tabia ya kawaida ripoti inapokaribia siku ya uzinduzi.

Hatua ya 8: Mkataba

Mwanasheria wa manunuzi ataelewa upesi. Jeshi lipate haki ya kukagua data ya mafunzo, kumiliki kumbukumbu za mfumo, kuurudia upimaji lenyewe kila toleo jipya linapotoka, na kukataa sasisho. Muuzaji akisema hayo ni siri ya biashara, tafuta muuzaji mwingine. Pia itajwe kwa cheo ni nani anaidhinisha mfumo kuingia kazini. Kamati ikisaini bila mtu mmoja wa kuulizwa, hakuna aliyesaini.

Hatua ya 9: Ukishaingia kazini, uendelee kuushuku

Modeli haichakai kama injini, lakini dunia inayoizunguka hubadilika. Majani yanapukutika, adui anabadilisha magari, raia wanaokimbia vita wanaanza kusafiri usiku kwa misafara mirefu inayofanana kabisa na ya kijeshi. Linganisha mara kwa mara picha zinazoingia sasa na zile za mafunzo, na uchukue sampuli ya mapendekezo, hata yaliyokubaliwa, yakaguliwe upya na watu wasiokuwa zamu siku hiyo.

Weka mapema kiwango cha makosa kitakachouzima mfumo, ukiwa bado na utulivu. Operesheni ikipamba moto hakuna atakayekubali kuuzima. Kisha andika nani anaweza kuuwasha tena, na baada ya ushahidi gani. Asiwe yule aliyekuwa akiushinikiza uendelee. Modeli ikifunzwa upya, ihesabiwe kuwa silaha iliyobadilika na irudi kwa mwanasheria wa hatua ya 2, angalau kwa yale yaliyoguswa.

Matoleo ya zamani msiyafute. Uchunguzi wa shambulio unaweza kufunguliwa muda mrefu baadaye, na mchunguzi atataka kuliendesha tena toleo lilelile, kwa data ileile, ili aone skrini ilimwambia nini askari wa zamu.